Kisima cha Kambi na Mstari Uliotetemeka

Nimestaafu mwaka huu, na wenzangu wadogo wa ofisi ya visima wameniomba jambo moja tu. Hawakuuliza habari za vyeo, na wamefanya vizuri, kwa maana vyeo vyangu vyote vingeenea kwenye mstari mmoja na nafasi ikabaki. Wanataka niandike jinsi tulivyojifunza kupata mteremko laini kutoka kwenye vipimo vya visima. Wao wanabonyeza kitufe, grafu inatoka kama meno ya msumeno, na mimi nikipita nyuma ya viti vyao nilikuwa na tabia ya kuguna. Wanataka kujua nilikuwa naguna nini.

Nianze na kazi yenyewe, kwa ajili ya msomaji ambaye hajawahi kusimama kando ya kisima kirefu. Kisima kikishachimbwa, huwezi kukifungia pampu ya kudumu papo hapo. Unakijaribu kwanza. Unavuta maji kwa pampu ya muda, saa baada ya saa bila kusimama, na mtu anashusha utepe ndani ya bomba kupima maji yameshuka kiasi gani. Mwisho unabaki na safu mbili za namba, muda na kina. Ukizichora unapata mstari unaoshuka. Watu wengi hutazama maji yamefika wapi. Sisi tulifundishwa kutazama yanashuka kwa kasi gani, na kasi hiyo inabadilika vipi. Hiyo kasi ndiyo tuliyoiita mteremko. Maji yaliyoshuka sana kisha yakatulia hayatishi. Yaliyo juu bado, lakini yameanza kuongeza mwendo, hayo ndiyo ya kuogopa.

Niliingia kazini miaka michache baada ya vita vya themanini na sita. Baba yangu alikuwa polisi kutoka Lango, kaskazini mwa Uganda, nami nilikulia kwenye nyumba za polisi hapa Kampala, kwa hiyo Kiswahili changu kilianza mapema kuliko Kiganda changu. Ofisi ilikuwa Old Kampala, juu ya duka la zamani la Wahindi, na madirisha kadhaa yalikuwa na mabati mahali pa vioo. Siku ya kwanza niliambiwa, "Karibu, kaa," nikatazama kulia na kushoto nisione kiti. Vitu vingi vilikuwa vimeibwa wakati wa vurugu. Meza kubwa ya kuchorea ilisalimika, nadhani kwa sababu haikupita mlangoni.

Nyuma ya meza hiyo alisimama Bwana Bahati. Alikuwa mchoraji wetu wa ramani na grafu, mkimbizi kutoka Bukavu, mtu wa makamo mwenye viatu vilivyong'aa kuliko kitu chochote mle ndani. Aliimba sauti ya chini katika kwaya ya kanisa lao, na alipokuwa akichora alinguruma polepole kama friji. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kuwa karani wa hesabu. Alinipa kiti chake.

"Keti, dada," alisema. "Mie ninachora wima. Ukiketi, mkono unalala."

Chombo chake alichokithamini kilikuwa ufito mwembamba wa mbao unaopinda, urefu wa mkono, na vizito vya risasi vya kuushikilia. Wenye fani wanauita splaini. Unaweka nukta zako kwenye karatasi, unaupinda ule ufito upite kwenye nukta, unabana kwa vizito, kisha unafuata ukingo wake kwa penseli. Mstari unaopatikana hauna kona wala mshtuko, kwa sababu mbao haikubali kukunjwa ghafla. Nukta ikiwa imekaa vibaya, ufito unasukuma. Nilikuwa nikiusukuma nyuma kwa kidole, naye alikuwa akinipiga kidole hicho kwa rula.

"Wacha ikatae," alisema. "Ikikataa, uliza sababu. Usiilazimishe."

Mteremko tuliupima kwa kioo. Ulichukua kioo kidogo kisicho na fremu, ukakisimamisha juu ya mstari, ukauona mstari unaingia ndani ya kioo. Ukikiweka upande, mstari na sura yake vinavunjika pale vinapokutana. Unakizungusha taratibu mpaka viungane bila kovu. Hapo kioo kimekata mstari kwa pembe mraba, na jinsi kioo kilivyoinama kwenye karatasi ndiyo inayokupa mteremko wa mahali pale. Unasogea kidogo, unarudia. Kazi ya asubuhi nzima kwa kisima kimoja. Nilijifunza uvumilivu, na nilijifunza pia kwamba nina kovu dogo la uvimbe kwenye kope ya jicho la kushoto, kwa sababu ukitazama kioo kwa muda mrefu hivyo huoni grafu peke yake.

Kompyuta ililetwa na wafadhili miaka ya tisini, pamoja na programu ya kuchora grafu. Ilikaa chini ya kitambaa kilichotariziwa hadi alipoajiriwa injinia Ssali. Alikuwa kijana wa Masaka aliyesomea ng'ambo, mwepesi wa kucheka, na hesabu zilimtoka kama maji ya bomba. Jina langu ni Akello, lakini kwake nilikuwa Akero siku zote, na barabara ilikuwa balabala. Yeye alifunua kitambaa.

"Akero nyabo, njoo uone," alisema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Ufito wa Bahati umo humu ndani."

Na kweli ulikuwemo. Kwenye orodha ya aina za mistari ulichagua splaini, na papo hapo mstari mzuri ulipita katikati ya kila nukta. Bwana Bahati alikuja na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akautazama muda mrefu.

"Mzuri," alisema. Kisha akarudi mezani kwake, akaendelea kunguruma.

Kwa muda tulitumia kompyuta kwa kupamba ripoti tu. Hakuna aliyeiuliza mteremko, mpaka kilipokuja kisima cha kambi.

Kambi hiyo ya polisi iko kaskazini mwa jiji, ukishapita soko la Kalerwe. Siitaji kwa jina. Familia nyingi mle zilikuwa za kutoka kwetu kaskazini, Waislamu na Wakristo mlango kwa mlango, na mama yangu alikuwa bado anaishi humo na kaka yangu Odongo, ambaye naye alikuwa polisi. Bomba la jiji halikuwa likifika. Wanawake walichota kwenye chemchemi ya bondeni, chini ya mteremko wa vyoo, na kila mvua ilipokolea, watoto waliharisha. Kiongozi wa wanawake pale alikuwa Mama Okot, mjane wa sajenti, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya gwaride. Ndiye aliyeandama maofisi mpaka kambi ikachimbiwa kisima.

Kisima kilichimbwa, kikajaribiwa, na namba zikaletwa kwangu. Ssali alipitisha rula kwenye nukta, akapata mstari ulionyooka, na kwa mstari huo kisima kingeweza kubeba pampu kubwa na kulisha kambi nzima. Pampu yenyewe ilikuwa tayari stoo. Mkurugenzi wetu alishapanga wageni wa ufunguzi. Kilichobaki ilikuwa mimi kuchora grafu ya ripoti.

Nilipoichora niliona mwisho wa mstari umelegea kidogo, kama mkeka uliokanyagwa pembeni. Kwa macho tu usingeapa. Basi nikaiomba programu inipe mteremko, nikapata kile ambacho vijana wangu wanakipata leo. Mstari ulikuwa laini kama hariri, lakini mteremko wake ulipanda na kushuka kwa fujo. Mahali pengine ulidai kwamba maji yalikuwa yanapanda wakati pampu inavuta.

"Hizo ni takataka," Ssali alisema. "Futa. Mstari wa rula unatosha."

"Na huku mwisho?"

"Nyabo, mwisho gani? Ukitazama sana utaona hata shetani."

Sikufuta. Nilichapisha karatasi nikaipeleka kwa Bwana Bahati. Aliweka kikombe chini.

"Inapita kila nukta?" aliuliza.

"Kila moja. Ndiyo sifa yake."

"Basi ndiyo ugonjwa wake. Ufito wangu iko na mgongo, dada. Nukta ikikosea, ufito inaikosa kidogo, unene wa penseli. Hii ya mashine haina mgongo. Wanaiita, inaenda."

Hapo ndipo penye somo lote, na kama kijana unasoma haraka, soma hapa polepole. Kila kipimo kina kosa dogo. Kwenye mstari wa kina, kosa la upana wa kidole halionekani. Lakini mteremko ni tofauti ya jirani na jirani, na majirani wawili wakiwa karibu sana, kosa dogo la mmoja linakuwa mlima. Mstari unaolazimishwa kupita kila nukta unabeba makosa yote, na ukiuomba mteremko, unakupa mteremko wa makosa.

Nilirudi kwenye kitabu cha maelekezo ya programu. Kilikuwa kinene, na mtu fulani alikuwa ameshakitumia kuegeshea mlango. Ndani yake nilikuta kwamba splaini inaweza kuruhusiwa kuzikosa nukta kwa kiasi unachotaja wewe. Ukitaja sifuri, inatetemeka. Ukitaja kikubwa, inalala chali na kukuambia kila kisima ni kizuri. Nilijaribu huku na huku. Kwa kiasi kidogo, ule mwisho uliolegea ulionekana kama ukuta. Kwa kiasi kikubwa, ulitoweka. Nikaona kwamba naweza kuifanya ile grafu iseme ninalotaka, na jambo hilo lilinikosesha raha kuliko meno ya msumeno.

Kiasi hicho hakimo kwenye kompyuta. Kiko kisimani. Niliwatafuta mafundi wawili waliopima kwa zamu, nikawaomba wanionyeshe walivyoshika utepe. Ulikuwa ule utepe unaolia ncha ikigusa maji. Wa kwanza alisomea kwenye mdomo wa bomba. Wa pili aliinama akasomea kwenye zege, kwa sababu mgongo ulimuuma akisimama. Kati ya mdomo wa bomba na zege kulikuwa na kiganja kizima. Niliporudi kwenye grafu, meno makubwa kuliko yote yalikuwa pale pale walipopokezana zamu.

Nikasahihisha zamu ya pili. Niliwauliza pia utepe unacheza kiasi gani mkononi pampu ikitikisa bomba, wakanionyesha upana wa kidole. Huo ndio uhuru nilioipa splaini, wala si zaidi. Halafu nikabadilisha muda. Badala ya kuuweka saa kwa saa, niliupanga kwa logi, yaani kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia, ili dakika za mwanzo zilizojaa vipimo na saa za mwisho zenye vipimo vichache zipate nafasi sawa. Msumeno ukatulia. Ulibaki mtetemo mdogo wa ngazi ngazi, kama mkono wa mtu mwenye baridi.

Huo mtetemo ni Ssali aliyeufumbua, na lazima niseme hivyo, kwa sababu watu hupenda hadithi ambamo msomi ni mjinga. Alikuja kuniambia nifunge ripoti, akasimama nyuma ya kiti changu, akaacha kucheka.

"Umefanya nini hapa?"

Nikamweleza. Akavuta kiti.

"Hizi ngazi si za maji," alisema. "Programu haichukui mteremko kutoka kwa fomula. Inachukua nukta ilizochora, imezikata desimali, halafu inatoa moja kutoka kwa nyingine. Inasoma picha yake yenyewe. Twende kwenye vipande."

Splaini imeundwa kwa vipande vifupi, na kila kipande kina fomula yake. Mteremko wa fomula unapatikana kwa hesabu ya darasani, bila kutoa nukta kwa nukta. Ssali aliandika programu fupi ya kufanya hivyo huku akitafuna kifuniko cha kalamu. Kabla hatujaamini matokeo, tulifanya jambo ambalo nawasihi mlifanye kila mara. Tuliujumlisha mteremko kurudi nyuma tuone kama unatufikisha kwenye vina vilivyopimwa. Ulitufikisha. Ncha mbili za mstari tulizikata, kwa maana splaini mwishoni haina jirani wa kuishika na huyumba.

Kilichobaki kwenye skrini kilikuwa mstari mtulivu. Mteremko ulikuwa sawa kwa sehemu kubwa ya jaribio, kisha ukapanda taratibu, ukatulia tena kwenye kimo cha karibu mara mbili.

Sote tulijua maana yake inayowezekana. Maji yanayovutwa mwambani hutoka mbali zaidi kadiri muda unavyokwenda, na kama upande mmoja yakikutana na mwamba mzima usio na nyufa, yanabaki kutoka upande mmoja tu, na kisima kinaanza kushuka mara mbili ya kasi. Kwa pampu kubwa, kisima hicho kingeonekana kizima siku ya wageni. Katikati ya kiangazi kingevuta matope.

Bwana Bahati alichora nukta zile zile kwa ufito wake na kuzipima kwa kioo. Akapata kupanda kule kule. Lakini hakukubaliana nasi.

"Ninaiona," alisema. "Lakini mie nasema ni pampu. Jenereta ilibadilishwa mafuta saa ile. Ikaenda mbio. Ikivuta zaidi, maji inashuka zaidi. Mwamba haina kosa."

Alikuwa na hoja. Kutoka kwenye namba zile pekee hakuna mtu angeweza kusema nani kati yetu yuko sahihi.

"Laiti tungekuwa na vipimo vya jinsi maji yanavyorudi," Ssali alisema mwishowe. "Pampu ikizimwa, maji yanapanda yenyewe. Hakuna jenereta, hakuna mafuta. Kama ukuta wa mwamba upo, utaonekana na huko."

Vipimo hivyo havikuwepo. Mvua ilikuwa imeanza, mafundi wakafunga vitu wakaondoka. Ilibidi jaribio lirudiwe lote, na ufunguzi usogezwe.

Ssali aliingia kwa mkurugenzi peke yake. Tulisikia sauti za juu kupitia ukuta. Alitoka akajipangusa shingo. "Amekubali," aliniambia. "Amesema wewe ndiye uende kuwaeleza kambini, kwa sababu ni kwenu."

Nilikwenda. Wanawake walikusanyika kwenye uwanja wa bendera, mama yangu akiwa amekaa nyuma kwenye kigoda. Nilieleza kadiri nilivyoweza. Mama Okot alinisikiliza mikono kiunoni.

"Wewe Akello," alisema. "Shimo iko?"

"Iko, mama."

"Maji iko ndani?"

"Iko."

"Juzi wewe nasema iko, leo wewe nasema ngoja. Sisi nangoja nini? Wewe nakunywa maji ya bomba huko kwa ofisi."

Wengine wakacheka, si kwa furaha. Nilisema kwamba tukifunga pampu kubwa bila kuhakikisha, huenda wakakosa maji kiangazi.

"Huenda," alisema Mama Okot. "Mimi nazika watoto ya watu hapa, wewe naleta huenda."

Mama yangu aliponisindikiza hadi langoni alinishika mkono kwa nguvu, akauachia. Nilipanda gari kurudi mjini nikijiuliza kama mtetemo wa mstari una haki ya kuchelewesha maji ya watu.

Pampu ya majaribio ilikuwa kazini upande wa Ggaba, tukaingoja. Katika kungoja huko mvua ilikolea, na mjukuu wa Mama Okot, mtoto mdogo aitwaye Okumu, akashikwa na tumbo. Odongo alikuja ofisini na sare yake kunipa habari. Nilimkuta mtoto hospitali ametundikiwa dripu, macho yameingia ndani, na bibi yake ameketi ukingoni mwa kitanda akimpepea kwa kitambaa. Nilimwamkia. Aliendelea kupepea. Nikasimama pale muda, nikaweka chini yale matunda niliyoleta, nikatoka. Ngazini nilikaa nikalia. Halafu nikarudi ofisini, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuwa na manufaa.

Okumu alipona. Ningeandika hadithi hii vingine, au nisingeiandika kabisa, kama asingepona.

Jaribio la pili nililisimamia mwenyewe. Nilipaka alama ya rangi nyekundu kwenye mdomo wa bomba, na kila aliyeshika utepe alisomea hapo, awe na mgongo au asiwe nao. Bwana Bahati alisimama kwenye jenereta na viatu vyake vimefungwa mifuko ya plastiki, akajaza ndoo kila mara na kupima kama pampu inatoa kiasi kile kile. Tulipozima, watu wote walitulia. Ule ukimya baada ya jenereta sijausahau. Maji yalianza kurudi, nami nikapima, nikapima, na safari hii hakuna aliyefunga vitu.

Ofisini tulifanya yale yale, uhuru wa upana wa kidole, muda wa logi, mteremko kutoka kwenye vipande. Maji yaliyokuwa yanarudi hayakujua habari za mafuta. Mteremko wake ulionyesha kupanda kule kule, mpaka kimo cha mara mbili.

Bwana Bahati aliinama juu ya karatasi, kioo mkononi, akazungusha mara kadhaa. Kisha akakiweka chini.

"Ni mwamba," alisema. "Nilikosea, dada. Bwana injinia, nilikosea."

"Hukukosea kuuliza," Ssali alimjibu.

Kisima kilifungiwa pampu ndogo, yenye saa zake za kuvuta na saa zake za kupumzika. Wageni wakubwa hawakuja, kwa kuwa pampu ndogo haina cha kuzindua. Foleni ya madumu ilikuwa ndefu tangu siku ya kwanza, na minong'ono ilikuwa mirefu zaidi. Niliambiwa kwamba binti wa kambi ameiletea kambi maji ya kijiko.

Baada ya hapo tulizifanyia data zote za visima vyetu hivyo hivyo. Programu zimebadilika mara nyingi. Siku hizi zinachagua zenyewe kiasi cha kulainisha, na mara nyingi zinachagua vizuri. Mimi huguna pale ambapo hakuna aliyeuliza zimechagua kiasi gani, wala aliyepima alikuwa ameshika utepe vipi. Ssali alihamia chuoni kufundisha. Bwana Bahati alirudi Bukavu kwa binti yake, macho yalipoanza kuchoka, na kwaya ikamsindikiza hadi kwenye basi ikiimba bila sauti yake ya chini. Miaka yote hiyo niliipenda. Lakini vijana mmeniuliza kuhusu kisima cha kambi, kwa hiyo nitamaliza na kiangazi kilichofuata baada ya ile pampu ndogo.

Kilikuwa kiangazi kikali. Chemchemi ya bondeni ilibaki tope la kijani. Visima kadhaa upande ule wa jiji vilivuta hewa, na watu walianza kuja kambini na baiskeli zilizofungwa madumu kutoka mbali. Jumapili moja baada ya misa nilikwenda kumwona mama. Nilipita kwenye bomba. Pampu ilikuwa katika saa yake ya kuvuta, foleni imezunguka uwanja wa bendera, na Mama Okot alisimama pale akiisimamia kwa fimbo. Mtoto Okumu alikuwa miguuni pake akichezea maji yaliyomwagika.

Nilitaka kupita kimya kimya. Akaniona.

"Akello."

"Abee, mama."

Alikinga dumu, akalitazama likijaa. Mkondo ulikuwa mwembamba, unene wa dole gumba, hauongezeki wala haupungui.

"Maji yako ni kidogo," alisema.

"Ni kidogo, mama."

Dumu lilijaa. Akalifunga, akalinyanyua kwa mkono mmoja, akanipa mimi nimpelekee mama yangu, mbele ya foleni nzima.

"Lakini iko," alisema, akamwita anayefuata.